Kichwa cha Chewa Hakilali

Mwenye wivu na asogee mbele, hadithi hii ni yake. Asiye na wivu akae popote apendapo, ingawa naona huko nyuma patabaki patupu.

Palikuwa na ngalawa moja huko Kigaeni, kijiji ambacho mtu akipiga chafya kusini, watu wa kaskazini wanamwombea dua. Ngalawa ile ilikuwa mali ya Bi Mize, aliyoichongesha kwa fedha zake za kusuka majamvi. Mumewe, Nahodha Vuai, ndiye aliyeiendesha mpaka siku alipofariki. Akaacha mabaharia watatu, na kila mmoja Mungu alikuwa amempa kitu chake.

Ussi alipewa macho. Husimama mbele ya ngalawa, uso kauelekeza nchi kavu, akatazama mti mrefu wa mvinje unavyojificha nyuma ya paa la msikiti, na mnara wa simu unavyokwenda kukaa juu ya kilima. Vikishapangana anavyotaka, anajua chini yake pana mwamba, na juu ya mwamba pana samaki. Alama hizo hakumwambia mtu. Ukimuuliza, anajibu, "Mimi naona tu."

Pandu alipewa kidole. Mshipi wa kuvulia ukilala juu ya kidole chake cha shahada, alijua aliye chini ni samaki changu au ni kaa mwizi anayekula chambo bure. Alijua samaki mwenye njaa na samaki anayechezea. Wengine huvuta mapema wakakosa, au huvuta wamechelewa wakaibiwa. Pandu huvuta pale pale panapotakiwa.

Machano yeye alipewa pumzi. Alikuwa akizama mpaka wenzake wakaanza kuzungumza habari nyingine, kisha wakakumbuka kuwa walikuwa naye. Nanga ikinasa, Machano. Mshipi ukitatizika kwenye matumbawe, Machano. Naye akipanda juu hacheki na mtu mpaka asifiwe kwanza.

Sasa tumtazame Pandu, maana ndiye aliyekuwa anaungua zaidi. Aliingia katika ngalawa ile kabla ya wenzake wote, enzi ambazo kazi yake ilikuwa kukumba maji na kutukanwa. Hata siku moja, pwani imejaa watu, Nahodha Vuai akasema, "Bila ya macho ya Ussi, sisi sote ni vipofu." Kisha akamgeukia Pandu, aliyevua samaki wote wa siku ile, akamwambia, "Ahsante." Basi. Maneno yale yalimkwama Pandu kama mwiba wa samaki kooni. Alimeza tonge la ugali, hayakushuka. Alikunywa maji, hayakushuka. Nahodha akafa, nayo yangali pale pale.

Na nyumbani hakukuwa na dawa. Mkewe, Riziki, alikuwa akimpakulia chakula huku akisema, "Mke wa Ussi ashaanza kutembea katikati ya njia. Anasema watu wamzoee, karibu atakuwa mke wa nahodha. Na wewe endelea na kidole chako."

Desturi ya Kigaeni ni hii. Nahodha akifa, chombo hupandishwa pwani mpaka mjane atoke eda. Kikirudi majini, kichwa cha samaki mkubwa wa kwanza hupewa baharia aliyemleta samaki huyo, na anayekula kichwa ndiye anayekaa nyuma kushika usukani. Kichwa hakigawanywi, kwa kuwa usukani haushikwi na wawili. Tena hakilali. Kiwe kimeshaingia chunguni kabla ya adhana ya alasiri ya siku hiyo hiyo. Kikilala bila mwenyewe, chombo hukodishwa kwa watu wa kijiji cha pili, na mabaharia wake wakatafute kazi ya kuchuma karafuu.

Bi Mize akatoka eda. Asubuhi yake ngalawa ikashushwa.

Mwenyewe ungeiona ungecheka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Hakuna aliyethubutu kukikalia, na hakuna ambaye angemwacha mwenzake akikalie. Wakaenda kwa makafi, watu watatu na nahodha hamna, ngalawa ikiyumba huku na huku kama mbuzi aliyekata kamba. Wavuvi wengine wakawapigia kelele, "Jamani, mnakwenda au mnarudi?" Wao wakazidi kupiga makafi.

Kazi ya Pandu ilikuwa kutia nanga. Ussi akisema "Tia!", yeye anatia. Miaka yote ndivyo ilivyokuwa. Lakini asubuhi ile, alipoona mgongo wa Ussi pale mbele, umenyooka, umetulia, mgongo wa mtu anayejua kuwa anatazamwa, roho ikamchafuka. Akajisemea, samaki akipatikana hapa, watasema ni macho. Watasema tena na tena mpaka nife.

"Tia nanga!" akasema Ussi.

Pandu akaikumbatia nanga kifuani.

"Tia, yakhe!"

"Kamba imepiga fundo," Pandu akasema.

Hapakuwa na fundo lolote. Maji yalikuwa yanajaa na mkondo una nguvu, na ngalawa ikachukuliwa taratibu, ikapita mahali palipotajwa, ikaenda mbele. Pandu akangoja mpaka moyo wake uliporidhika kuwa mwamba umebaki nyuma, ndipo akaiachia nanga. Cha ajabu, Ussi hakugeuka. Alikuwa bado anatazama nchi kavu, naye hakusema neno.

Wakatia mishipi. Kimya. Chambo kikarudi kama kilivyoshuka. Machano akalala chali juu ya ubao, akasema, "Ussi, leo umetuleta kuvua mchanga." Pandu akasikia raha ambayo hajawahi kuisikia tangu aoe. Alikuwa na njaa, jua linampiga, samaki hakuna, na alikuwa na furaha. Hasidi ndivyo alivyo, radhi akose yeye ilimradi na mwenzake akose.

Mshipi ukalegea kidoleni.

Samaki mdogo hudonoa. Chewa, yule samaki mkubwa wa mapangoni, hadonoi. Anafungua mdomo, anameza chambo, anakwenda nacho kama mtu aliyeokota kitu chake, na mshipi unakuwa mwepesi kidogo tu. Mwengine angedhani ni mkondo. Pandu hakudhani. Mkono wake ulivuta kabla yeye mwenyewe hajakumbuka kuwa alitaka siku ile iharibike. Uzito uliokuja ulimwinua kwenye ubao, mshipi ukamkata kidole mpaka damu ikachirizika. Ussi na Machano wakaruka upande wa pili kuzuia ngalawa isipinduke. Akavuta pima moja, akavutwa mbili. Halafu mshipi ukasimama, ukawa mgumu kama umefungwa kwenye ukuta.

"Kajitia pangoni," Pandu akasema huku anahema.

Akivuta, mshipi utakatika. Asipovuta, watakaa pale mpaka wazeeke. Ikambidi aseme maneno ambayo hakuyataka. "Machano, shuka."

Machano akashuka. Akapanda mikono mitupu, macho yamemtoka. "Mkubwa, wallahi. Kajitanua pangoni, hatoki. Legeza mshipi."

"Nilegeze aende zake?"

"Legeza, au shuka wewe."

Pandu akalegeza. Machano akavuta pumzi, akazama tena. Wakamngoja. Ussi akaanza kusoma dua chini chini, na hata Pandu, pamoja na yote, akajikuta anaitikia amina. Ndipo maji yakapasuka, akatokeza Machano, mikono yote miwili imezama ndani ya matamvua ya chewa ambaye mfano wake haujaonekana Kigaeni tangu ngalawa ile ichongwe. Damu ya samaki na damu ya vidole vyake hukuweza kuzitenga. Wakamvuta chewa ndani, wakamvuta na Machano, wote watatu wakaanguka juu yake wakicheka. Kwa kitambo kidogo walikuwa ndugu.

Kisha Pandu akaukusanya mshipi wake. Ukaja peke yake, na ndoana mwishoni, safi.

"Ndoana yangu mbona haimo mdomoni?"

"Ilikuwa inanizuia," Machano akasema. "Niliichomoa."

"Inakuzuia nini? Mshipi si nilishaulegeza?"

Machano akakamua maji kwenye nywele, akatabasamu. Kicheko kikaisha. Wakarudi pwani kila mmoja na kafi lake, kila mmoja anapanga maneno yake.

Pwani watu wamejaa. Bi Mize kasimama na kisu na sinia, nyuma yake chungu kiko mafigani na maji yameanza kutoa mvuke. Riziki yuko mstari wa mbele, kajifunga kanga mpya iliyoandikwa HASIDI HANA SABABU, kajigeuza makusudi ili mke wa Ussi aisome vizuri. Pandu akaisoma kwanza, akatazama chini.

Bi Mize akakata kichwa, akakiweka katika sinia. Sinia likalia kwa uzito.

"Haya wanangu," akasema. "Nani kamleta?"

"Mama, mimi niliwapeleka juu yake," Ussi akasema. "Bahari ni pana. Pasipo alama, wangekuwa bado wanazunguka."

"Mama, mimi nilimjua alipomeza," Pandu akasema. "Mwengine angedhani ni mkondo." Akaonyesha kidole.

"Mama, mimi nilimfuata kwake nikamtoa," Machano akasema. "Hao walikuwa juu, wanasoma dua."

Watu wakacheka. Bi Mize hakucheka. Alikitazama kichwa, akawatazama wao, kisha, labda kwa kumkumbuka mumewe, akalisogeza sinia upande wa Ussi. "Marehemu alikuwa akisema," akaanza, "bila ya macho ya..."

"Si macho!" Pandu akapiga kelele. "Si macho yake! Mahali alipotaja Ussi tulipapita! Mimi niliizuia nanga! Kamba haikuwa na fundo, niliizuia makusudi, tukapelekwa na mkondo, na samaki alikuwa huko nilikotia mimi!"

 Riziki akajifunika mtandio usoni. Maneno yalikuwa yameshatoka, na Pandu akayasikia kama yamesemwa na mtu mwengine: mbele ya kijiji kizima amekiri kuwa aliiharibu kazi ya chombo kwa ajili ya husuda. Lakini, na hili nalisema kwa haki, alikuwa pia amesema kweli.

"Uliizuia nanga ya ngalawa yangu?" Bi Mize akauliza.

"Ndiyo, mama."

Ussi akacheka kidogo, kwa puani. "Mama, mimi huyu namjua. Nilijua mkono wake utachelewa. Ndiyo maana nikaita mapema, kabla ya mwamba. Nilipima mkondo, na husuda yake nikaipima pia. Ametia nanga pale pale nilipotaka."

"Mwongo!" Pandu akasema. "Uliita mapema kwa sababu hukutaka tuujue mwamba wako! Ulitaka urudi peke yako!"

"Mbona sikugeuka, basi? Mbona nilinyamaza?"

Pandu akageuka kuitazama ngalawa. Akaukumbuka ule mgongo ulionyooka, umetulia. Mpaka leo hajui ulikuwa mgongo wa mjuzi au wa mwongo.

"Na wewe," akamgeukia Machano, kwa kuwa moto ulikuwa bado unamwaka, "waambie kwa nini uliichomoa ndoana yangu!"

"Samaki asiye na ndoana mdomoni si samaki wa mshipi," Machano akasema bila haya. "Ni wa aliyemshika. Mlipomwona, alikuwa mikononi mwa nani?"

"Na ungejuaje yumo pangoni, kama si mshipi wangu uliokuonyesha mlango?"

"Nawe kwa nini uliniomba nishuke?"

Bi Mize akainua kisu, wakanyamaza. "Kumbe asubuhi nilishusha baharini husuda tatu," akasema, "zikanirudishia chewa mmoja." Akawatazama mmoja mmoja. "Nikimpa Ussi, tutakula samaki kila siku, na siku akifa mwamba unakufa naye. Nikimpa Machano, hakuna kitakachobaki chini ya bahari, lakini kila kitakachopanda atasema ni chake. Nikimpa Pandu..." Akakishusha kisu. "Pandu ndiye peke yake aliyesema ubaya wake kabla ya kuulizwa. Lakini mtu huyu ameizuia nanga."

Muadhini akapita nyuma ya watu, kashika kandambili mkononi, anakwenda kutawadha.

"Pandu mwanangu," Bi Mize akasema, "tufanye wewe hutaki kitu. Kati ya wenzako hawa wawili, ungempa nani? Nitajie, huenda nikakusikiliza."

Pandu akafungua mdomo. Jina la Ussi likapanda, na la Machano likapanda, yakafika pale penye mwiba, yote mawili yakakwama. Akasimama hivyo, mdomo wazi, kidole chake kinavuja damu mchangani.

Mimi nimewaacha hapo. Maji yamechemka, na msikitini muadhini anajaribu kipaza sauti. Bi Mize amechoka na wale watatu, sasa anakutazama wewe, na sinia amelielekeza kwako. Kabla yako, wako walioisikia hadithi hii wakasema ni la macho, wako waliosema kidole, wako waliosema pumzi, na wapo waliotoka barazani wamenuniana mpaka leo.

Basi lipokee, ni zito. Kichwa unampa nani? Na ukishampa, kesho alfajiri utapanda naye ngalawa?