Biringanya na Chumba Chenye Dirisha

Sogeeni. Mwenye njaa akae mbali kidogo, maana leo tunazungumza chakula. Mwenye roho ya kwa nini akae hapa mbele nimwone vizuri.

Palikuwa na meli ya kitalii, kubwa, ina abiria elfu mbili na ushee, kazi yao kula, kulala na kuulizana watakula nini tena. Jikoni mwake walikuwamo watu watatu wa pwani yetu. Mize wa Pemba alikuwa mpishi, na ulimi wake ulijua kinachopungua chunguni kabla mwenye chungu hajajua. Shekue wa Lamu naye mpishi, kijana, akishika mboga iliyonyauka anaigeuza karamu. Chande wa Tanga, mtu mzima, kazi yake ilikuwa kukwangua sahani zinazorudi mezani. Huyo akitazama makombo tu anakwambia abiria wanataka nini, kama vile wamemwandikia barua.

Mize alikuwa ametimiza miaka minne melini akipika vya pembeni, vile vya kusindikiza nyama: viazi, karoti, maharage machanga. Kesho karoti, maharage machanga, viazi. Alilala chumba cha wanawake sita, chini kabisa ya meli, hakina dirisha. Akiamka hajui kumekucha au bado, mpaka amuulize mwenye saa.

Shekue aliingia melini miezi mitano tu iliyopita. Lakini wee! “Shekue, onja hiki.” “Shekue, njoo utazame mchuzi huu.” Hata wale Wafilipino wa upande wa mikate walishajifunza jina lake, na la Mize mpaka leo walilisema ovyo. Mize akisikia jina la kijana yule linaitwa, anahisi kijiba cha roho, anakata karoti kwa hasira mpaka vipande vinaruka.

Siku moja mpishi mkuu, ambaye wote walimwita Bosi, alipiga kijiko mezani. “Abiria wamechoka na vya pembeni vyenu! Wiki nzima sahani ileile. Alhamisi na Ijumaa mtajaribu kitu kipya, Jumamosi naamua. Chakula kitakachopendwa kitaingia kwenye menyu, na mwenyewe atakuwa mkubwa wa vya pembeni. Atahamia chumba cha juu. Cha peke yake, kina dirisha.”

Mize hakusikia menyu wala ukubwa. Alisikia dirisha.

Chande ndiye aliyeanza. Alimfuata Mize, akamwambia, “Mwanangu, hawa watu wanafuta maji ya nyama kwa mkate hadi sahani inang'aa, halafu viazi wanaviacha. Wanataka kitu cha mchuzi. Kidogo, kwenye kibakuli, wachovye.”

“Mzee Chande, wewe kwangua sahani zako,” akajibu Mize. “Mapishi tuachie wapishi.”

Chande akageuka. Alikwenda kwa Shekue akamwambia yaleyale, na Shekue akamshika mkono, akamshukuru. Mize aliona kwa mbali, akasonya. Miaka minne anakula na mzee yule meza moja, leo siri anampa mtu wa juzi! Na kwamba alipewa yeye kwanza akaikataa, hilo hakutaka kulikumbuka.

Alhamisi, Shekue akapika biringanya za nazi. Alizikaanga taratibu, akakaanga kitunguu maji na kitunguu thomu, akamimina tui zito. Jiko zima likanukia. Hata Mize mate yalimjaa, na hapo ndipo aliposhikwa na wivu hasa. Kijana angekuwa mbaya wa mapishi, angemhurumia. Tatizo alikuwa anajua.

Shekue akatoka kufuata vibakuli. Mize akatazama huku na huku. Alikuwa na kopo la ukwaju aliloletewa na mama yake kutoka Wete. Akakoroga mzito, akaumimina wote katika tui ambalo halijachemka, akapandisha moto. Nyinyi mnaopika mnajua kilichotokea. Tui likakatika. Likawa mabonge mabonge, mafuta juu, mchuzi chini. Kwetu mwanamke akipeleka tui kama lile kwenye shughuli, watu wanalisema mpaka anazikwa.

“Yarabi, limekatika!” Shekue alirudi, akashika kichwa. “Dada Mize, uso wangu nitauficha wapi?”

“Pole, mdogo wangu,” akasema Mize, moyoni anacheka. “Moto wa humu hauaminiki.”

Muda wa kumwaga haukuwapo, wahudumu walikuwa wameshasimama mlangoni na sinia zao. Biringanya zikaenda hivyo hivyo.

Na vibakuli vikarudi vitupu! Vyote! Abiria walikuwa wamekomba kwa mkate, wengine wakaagiza mara ya pili. Wageni wale wanajua nini habari ya tui kukatika? Waliona mchuzi umeumbwa hivyo, mchachu, una mafuta yake, wakasema hawajapata kula kitu kama kile. Mize akatia kitumbua cha mwenzake mchanga, watu wakasema ni sukari.

Ijumaa Shekue alipika tena, kwa uangalifu mkubwa. Tui likatulia, jeupe, laini, kama la bibi harusi. Vibakuli vikarudi vimeliwa nusu.

Jumamosi asubuhi Bosi alikuja amefura. “Nataka ya Alhamisi! Kama hamuwezi, cheo nampa mtu wa jiko jingine.”

“Ile ilikuwa ajali, Bosi,” akasema Shekue. “Tui lilikatika. Sijui kwa nini.”

Chande akakohoa. “Vibakuli vya Alhamisi vilikuwa na nyuzi za ukwaju.” Hakumtazama mtu.

Mize akawaza. Akinyamaza, dirisha linakwenda jiko jingine. Akisema, aibu. Lakini kusimama pale akiona sifa ya ukwaju wake inaitwa ajali ya Shekue, hilo lilimshinda.

“Ni mimi!” akasema. “Ukwaju nilitia mimi.”

“Ili mchuzi uzidi utamu?” akauliza Bosi.

Mize akatazama sakafu. “Ili uharibike.”

Shekue akamgeukia. “Na mimi nakuita dada,” akasema.

Mchana ule walipika pamoja, hawasemezani. Chande alipima vibakuli, Shekue akakaanga, Mize akakata tui kwa makusudi. Vibakuli havikurudi na kitu. Bosi akaweka ufunguo wa chumba cha juu mezani.

“Bila macho yangu,” akasema Chande, “mngekuwa bado mnachemsha karoti. Nimekwangua sahani miaka kumi na mmoja, na magoti yangu hayataki tena ngazi za kule chini.”

“Bila mkono wangu,” akasema Shekue, “ukwaju ungetiwa wapi? Katika maji matupu? Nimepika mimi, nikahujumiwa mimi.”

“Bila ukwaju wangu,” akasema Mize, “vibakuli vinarudi nusu. Mmeviona wenyewe.” Alikuwa na haya, na bado akiufikiria ufunguo ule mkononi mwa Shekue alitamani kuunyakua. Wivu haukupungua hata punje. Aliungama, lakini hakutubu.

Bosi akainua mikono. “Semeni jina moja,” akasema, akatoka.

Wakabaki wanatazamana, na mpaka sasa ninapowasimulia hakuna aliyetaja jina la mwenzake.

Sasa nawaachia nyinyi, na msiniambie wagawane, kitanda ni kimoja. Aliyeona, aliyepika, au aliyeharibu ikawa tamu? Mtu hupewa kwa alichotaka kufanya, au kwa kilichotoka mkononi mwake? Wewe ungeushika ufunguo ule, ungempa nani?