Kiboko na Mmea Unaojua Wenye Kijicho

Hapo zamani za kale, wanangu, viboko walipokuwa bado wanaishi nchi kavu na kugombana na majirani, alikuwapo Bwana Kiboko aliyekuwa na wivu usiompa usingizi. Sogeeni karibu, na wewe acha kutafuna.

Kilichomuuma ni bustani. Jirani yake, Bi Kindi, kadogo hata ukikasahau mfukoni hukajui, alikuwa amepanda maua mbele ya nyumba: asumini, mawaridi, na rehani pembeni. Kila asubuhi Kiboko akinywa uji, upepo unamletea harufu ya asumini, na uji unageuka shubiri.

Mkewe naye hakumsaidia.

"Mume wangu, umeliona waridi la jirani? Limefunguka leo."

"Nimeona majani tu," akasema Kiboko.

"Kila mpita njia husimama pale. Hapa kwetu husimama nani?"

Hapo ndipo alipochomwa. Mwili wote ule, nyumba yote ile, na watu wanamsalimia huku wanatazama kwa Kindi!

Siku moja akashindwa kuvumilia. Kiangazi kilikuwa kikali, maua yameanza kunyauka, na Kindi amekwenda kisimani na kifuu chake. Maskini, safari kumi za kifuu haziloweshi hata shina moja. Kiboko akaingia bustanini, gu, gu, gu, ayakanyage maua yote apumue.

Akainua mguu.

"Karibu, jirani," sauti ikasema nyuma yake.

Kindi alikuwa amerudi. Aliuona ule mguu, lakini usoni akacheka.

"Umekuja kutazama maua? Vizuri. Ila usiguse kale kammea pale chini. Kanaitwa mjuamoyo. Mwenye kijicho akikagusa, kanakufa papo hapo."

"Upuuzi. Mimi na kijicho wapi na wapi?" Kiboko akakagusa kwa ncha ya pua, makusudi.

Nywii! Majani yote yakajikunja, vikonyo vikalala.

Jasho likamtoka. Akatazama huku na huku. "Nani mwingine ameona?"

"Mimi peke yangu. Kwa sasa."

"Nisitiri, jirani. Mke wangu akisikia mimi ni hasidi, nitauweka wapi uso wangu?"

"Dawa ipo," Kindi akasema, huku anaufunika mmea kwa kawa. "Mwenye kijicho amwagilie bustani nzima kwa kinywa chake, asubuhi saba, bila kununa. Mmea utafufuka. Ila usifunue kabla ya siku."

Basi Kiboko akawa anajaza kinywa kisimani, anarudi mashavu yametuna, puuu! Siku ya kwanza alimwagilia huku amenuna, liwalo na liwe. Siku ya tatu akajikuta ameinama kuangalia kama tumba la jana limefunguka. Siku ya tano akamwita mkewe: "Njoo uone, yamefunguka mawili." Mkewe akaja, akasimama naye, wakanusa pamoja.

Siku ya saba akafunua kawa. Mmea umesimama, mbichi kabisa. Kwa furaha akaugusa.

Nywii!

Mzee Kobe, aliyekuwa anapita, akacheka mpaka gamba likatikisika. "Bwana Kiboko, unahangaika na kifauongo? Kimejaa nyuma ya nyumba yangu. Hata ukikipulizia tu, kinajifanya maiti, kisha kinainuka chenyewe."

Kiboko akageuka polepole. Kindi alikuwa ameshapanda juu ya mpapai.

"Kumbe ni kifauongo?"

"Ndiyo, jirani."

"Kwa hiyo mmea haukujua kama nina kijicho?"

"Haukujua kitu. Wewe ndiye uliyejisema, ulipouliza nani mwingine ameona."

Kiboko akafungua kinywa apige kelele, macho yakaangukia maua. Kisha akashika njia ya kisimani, maana asumini zilikuwa bado hazijanywa maji.

Yangu yameishia hapo, wanangu, nanyi ondokeni na hili: mwenye kijicho hahitaji shahidi, hujitaja mwenyewe.