Mwiko wa Miezi Sita

Wapendwa, mwaka wa mavuno kama huu wengi mtamshukuru Mungu kwa magunia. Mimi nawaletea shukrani ya mwanamke mmoja, msichana wa mjini, aliyeolewa kwa wakulima wa kunde.

Mwanamke huyu alipokuwa mjamzito alipimwa kliniki, akakutwa na virusi vya UKIMWI. Mumewe naye akapimwa, akakutwa navyo, akaanza dawa, kisha akarudi kwenye kibarua chake cha mbali. Nesi akamwambia mama, "Meza dawa kila siku, usiruke. Mtoto akizaliwa nitakupa dawa yake ya matone. Na umnyonyeshe ziwa lako tu miezi sita. Uji usimpe, hata maji; kuchanganya kunaongeza hatari ya kumwambukiza."

Rahisi, siyo? Rahisi kwa nesi. Mama yule alikuwa akiishi na mama mkwe wake, na kijijini kule mtoto akifikisha siku arobaini majirani huja na uji kumwonjesha. Angewakatalia kwa neno gani? Akitoa sababu, siri imetoka. Akinyamaza, anamhatarisha mwanawe.

Akabaki anaficha na kuomba. Chupa ya dawa aliifukia ndani ya mtungi wa mbegu, akijua hautaguswa mpaka msimu wa kupanda. Kila akiitoa, vidonge vilipiga kelele kama kayamba, moyo wake ukapiga pamoja navyo. Siku chache baada ya kupewa chupa mpya kliniki, akakuta pamba ndani yake, vidonge vimetulia. Akadhani nesi ndiye aliyeiweka.

Mtoto akazaliwa. Siku ya arobaini wanawake wakaja na uji wa ulezi, wakakaa, wakanyoosha mikono wapewe mtoto. Mama mkwe akasimama katikati yao.

"Poleni kwa safari, lakini uji huo mtakunywa wenyewe. Ukoo wetu una mwiko. Mtoto hatiwi kitu kinywani ila ziwa, mpaka miezi sita iishe. Akionjeshwa, huota meno ya juu kwanza."

Meno ya juu kwanza! Nani anataka kuitwa aliyemfanya mtoto wa watu kigego, mtoto wa mkosi? Wakaunywa uji wao, wakausifu, wakaenda zao. Mama yule akashukuru kimoyomoyo kwa kuolewa katika ukoo wenye mwiko mzuri kiasi kile.

Mwaka na nusu baadaye, mtoto ameshaachishwa ziwa, akapimwa kipimo cha mwisho. Hana virusi. Mama alirudi nyumbani akilia njia nzima, akamkuta mama mkwe anapukuchua kunde, akapiga magoti, akamweleza yote.

"Mama, mwiko wenu ndio ulioniokolea mtoto."

"Mwiko upi? Mumeo nilimnywesha uji siku ya arobaini."

Mama mkwe akaendelea kupukuchua.

"Mwanangu, mbegu hukaguliwa kila wiki zisibunguliwe. Ulificha dawa mikononi mwangu. Na chupa hiyo naijua, mdogo wangu anameza hizo hizo, na wanawe wawili ni wazima. Masharti ya uji alinifundisha yeye."

"Na ile pamba?"

"Vilikuwa vinapiga kelele, wageni wangesikia."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungeona aibu, ukakimbilia kwenu na mjukuu wangu."

Najua mnataka kuniuliza kama yule bibi alisema uongo. Njooni Jumanne kwenye mafundisho, tutabishana. Leo nauliza mimi. Sisi tukifukua cha jirani, huwa tunatunga nini? Bibi yule alitunga mwiko. Sisi tunatunga maneno ya kisimani. Tunahesabu siku mwenzetu alizokwenda kliniki, halafu Jumapili tunakuja kuimba hapa kwa sauti nzuri.

Namshukuru Mungu kwa dawa. Namshukuru kwa manesi, na kwa kila mtoto anayekimbia nje hapo sasa hivi bila kujua alipiganiwa vipi. Lakini dawa peke yake haikumsimamisha mtu mlangoni siku ya uji. Alihitajika bibi.

Humu ndani, kwenye mabenchi haya, yupo mwenye chupa yake mtungini. Simtaji. Wewe mama wa pale nyuma, usigeuke kumtafuta, wala wewe mzee. Nendeni nyumbani mkatafute pamba.