Chumvi ya Wazee

Alikuwapo mtu mwenye chemchemi ya maji ya chumvi, mbali kabisa na bahari, katika nchi ya vilima na miyombo. Maji yale yalitoka ardhini yakiwa makali, na watu wake waliyachemsha kwenye masufuria mapana tangu alfajiri mpaka jioni, hadi maji yaishe na chumvi ibaki chini. Ni kazi inayolisha watu, lakini nayo inawala. Moshi huharibu macho, na maji ya chumvi hupasua nyayo. Mtu aliyeianza akiwa kijana wa kuona swala ng'ambo ya bonde, akifikia umri wa kupata wajukuu huwa anawatambua kwa sauti.

Mwenye chemchemi alilijua hilo, kwa kuwa yeye mwenyewe alianza kwa kuchochea moto. Basi akapatana na watu wake tangu mwanzo. Kila sufuria likikauka, upawa wa kwanza wa chumvi usiende kwa mwenye mali wala kwa mchemshaji. Uwekwe kando, uwe chumvi ya wazee. Mtu akichoka na kuweka upawa chini, atakula kutokana na chumvi hiyo mpaka siku ya kufa kwake. Na kila siku ya gulio tabibu atakuja na dawa ya macho na mafuta ya miguu, naye atalipwa kwa chumvi hiyohiyo. Hakuna mchemshaji aliyedhani kwamba amepewa zawadi. Walipokea ujira uliopungua kidogo, wakijua kilichopungua kimekwenda wapi.

Lakini chumvi ina tabia yake, na anayeisahau hujuta. Masika yakiingia huvuta unyevu wa hewa, ikalowa, ikayeyuka na kutiririka, hata kama hakuna tone la mvua lililoigusa. Kwa hiyo chumvi ya wazee iliwekwa kwenye kibanda cha peke yake, ndani ya vikapu juu ya kichanja, na chini ya kichanja uliwaka moto mdogo, usiku na mchana, masika yote. Hakuna aliyeajiriwa kuutunza moto ule. Kila mchemshaji aliyerudi na mzigo wa kuni alipita kibandani kwanza, akaangusha gogo moja, akachochea, ndipo akaenda kwenye sufuria lake. Hawakuamrishwa na mtu. Walifanya hivyo kama unavyofunga mlango wa nyumba yako kabla ya kulala.

Nyapara wa watu hao aliitwa Hezroni. Alikuwa amemtumikia mwenye chemchemi tangu hajaota ndevu, na sasa ndevu zilikuwa nyeupe. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunga ukungu, na la kulia lilikuwa likifuata. Alikusudia kuweka upawa chini kiangazi kile kikiisha. Hakuogopa umaskini, maana aliuzoea, aliogopa upofu. Alikwisha kuwaona waliomtangulia: waliotiwa dawa mapema walibaki na mwanga wa kuwatosha kutembea peke yao na kujua usiku na mchana, na waliokosa walishikwa mkono hata kwenda chooni. Hofu hiyo alilala nayo na kuamka nayo, na hakumwambia mtu, hata mkewe.

Mwenye chemchemi akafa, na mwanawe Fidelis akashika kazi. Fidelis hakuwa mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu tukimfanya shetani sote tutaondoka hapa tumefarijika bure. Alikuwa kijana mwenye bidii, alitaka masufuria mapya ya chuma, mapana kuliko ya baba yake. Siku moja aliingia kibandani, akaona vikapu vimejaa juu ya kichanja, akasema moyoni kwamba mali nyingi imelala pale wakati kazi inahitaji mtaji.

Akamwita Hezroni kando, akampa kiti, akamwagiza mkewe alete chai. Akamweleza kwa heshima kwamba tangu sasa upawa wa kwanza utakwenda kwenye kununua masufuria. Wachemshaji ambao bado wana nguvu watapewa kila mmoja konzi yake ya chumvi, akaiweke nyumbani na kujitunzia uzee wake mwenyewe, kama mtu mzima. Vikapu vilivyokwisha kujaa hatavigusa. Hivyo ni vya waliokwisha kupumzika, na vya Hezroni atakayepumzika karibuni. Kitu kimoja tu alimwomba: watu wazipate habari hizi kutoka kinywani mwake, kwa kuwa yeye ndiye wanayemwamini.

Hezroni aliuliza swali moja, kama tabibu ataendelea kuja. Akaambiwa atakuja, maadamu chumvi ipo. Akanywa chai yake mpaka ikaisha. Alijua fika kwamba konzi ya chumvi haiwezi kuvuka masika katika nyumba ya mchemshaji, maana hakuna mwenye kuni za kuwasha moto usiku na mchana kwa ajili ya konzi. Alijua, akanyamaza, kwa kuwa chake kilikuwa salama. Na tusimcheke haraka. Wengi wetu tumenyamazishwa kwa kidogo kuliko macho yetu.

Kesho yake akawakusanya watu kabla ya moto kuwashwa, akawaambia kwamba tangu siku ile hawana chao ndani ya kibanda, kila mtu ajitazame. Aliyasema vizuri, kwa sauti ya mzazi. Skolastika, mwanamke aliyechemsha sufuria la mwisho katika safu, huku amembeba mtoto mgongoni, aliuliza kama wazee nao wamekubali. Hezroni akajibu kwamba wazee hawakuguswa, kwa hiyo jambo hili haliwahusu. Skolastika akaitikia, akaenda kwenye sufuria lake. Hakuna aliyegoma wala kunung'unika hadharani. Hezroni akamshukuru Mungu kwamba mambo yamekwisha bila kelele, na jioni ile alikula akashiba.

Kiangazi kikapita. Hezroni akaweka upawa chini, akaagwa kwa mbuzi dume na maneno mazuri. Tabibu akaja siku za gulio, akamtia dawa, na lile jicho la kulia likatulia. Mzee alianza hata kujisifu kwa mkewe kwamba alijua kujipanga. Kisha mvua zikaanza.

Gulio moja tabibu hakuonekana. Lililofuata pia hakuonekana, na ukungu ukaanza kupanda tena machoni mwa mzee. Akashika fimbo yake, akapapasa njia mpaka kibandani. Kabla hajafika alisikia mbuzi. Walikuwa wamekizunguka kibanda wakilamba udongo wa kuta kwa pupa, wala hawakumkimbia. Ndani kulikuwa na baridi. Aliinama kugusa jiko, mkono ukazama katika majivu yaliyolowa. Akanyoosha mkono kichanjani, akashusha kikapu kimoja, kisha kingine. Vyote vilikuwa vyepesi, na maji yaliyodondoka kutoka ndani yake yalimwasha kwenye nyufa za miguu.

Akamlaani Fidelis, akidhani amevunja ahadi. La, Fidelis alikuwa amelishika neno lake. Hakugusa hata punje.

Hezroni akatoka nje amejaa hasira, na nyuma ya hasira hiyo ilikuwa hofu ileile ya siku zote. Kwenye njia alisikia hatua za mtu mwenye mzigo, akamsimamisha. Mtu huyo alipoitikia, Hezroni akamtambua kwa sauti kuwa ni Skolastika. Mzee akamwuliza ni tangu lini watu wamekuwa wakipita mlangoni pale na kuni vichwani, wakashindwa kuangusha hata gogo moja kwa ajili ya wazee wao, na kama watoto wa siku hizi wameishiwa haya.

Skolastika akatua mzigo. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomwumiza Hezroni kuliko tusi.

"Mzee, moto ule tulikuwa tunautunzia chetu pamoja na chenu," akasema. "Wewe ndiye uliyetuambia hatuna chetu mle ndani. Tulikuamini."

Hezroni aligeuka aende zake, akaelekea kwenye masufuria yanayochemka, na yule mwanamke akamshika mkono akamrudisha njiani, akamsindikiza mpaka palipo salama kabla ya kurudi kwa mzigo wake. Mzee akalia njia nzima. Chumvi angeweza kuisahau. Kilichomliza ni kwamba aliambiwa ukweli na mtu ambaye yeye mwenyewe alimdhulumu, na mtu huyohuyo akamwongoza.

Tabibu hakurudi tena, na masika hayajaisha Hezroni akaacha kuona. Fidelis alipata masufuria yake, mapana na mazuri, lakini mengi yakakaa bila watu, maana mtu akishajua kwamba hakuna atakayemtunzia macho huyatunza mwenyewe, kwa kukaa mbali na moshi.

Nanyi mnaonisikiliza, wengine mmekaribia kumaliza kazi zenu. Siku mtakapoitwa kando na kuambiwa kwa upole kwamba vyenu viko salama, ni vya wale wanaokuja tu vinavyoondolewa, je, mtathubutu kuuliza ni nani basi atakayevitunza vyenu?