Oili Uani, Wingu Juu

Jamani, mniwie radhi mapema: hadithi hii nitaiharibu. Mke wangu husema nasimulia kama gari bovu, kelele nyingi na mwendo hakuna. Basi sukumeni kidogo.

Karakana ya halmashauri ya mji wetu ilikuwa na watu watatu wenye vipaji. Nyamizi alikuwa na pua: ukificha muhogo wa kukaanga kabatini, atakwambia hata chumvi imepungua. Mzee Kashindye alikuwa na kumbukumbu. Mitaro yote ya mji, ya juu na ya chini, aliijua bila ramani. Ndaki alikuwa na mgongo. Mifuko miwili ya simenti, na bado anapiga mluzi.

Siku hiyo wingu jeusi lilisimama juu yetu. Nyamizi akanusa, akanusa tena.

"Oili. Uani kote."

Kumbe mtu fulani, viatu vyake vipya visipate vumbi, alikuwa amenyunyizia ua mzima oili chafu ya magari. Ngurumo ikalia.

"Si itasombwa na mvua tu?" akauliza Ndaki.

Mzee Kashindye akautazama mtaro. "Ndiyo hofu yangu, mwanangu. Mtaro huu unaishia kwenye chemchemi. Mtaa wote unakunywa pale. Mkeo anachota pale, na mimba yake."

Ndaki akaacha mluzi. "Tuzibe wapi?"

"Mfuniko wa tatu. Wa pili ni wa choo; ukiufungua, tumekwisha."

Ndaki akaunyanyua ule mfuniko wa zege peke yake, akashindilia magunia ya maranda ya mbao. Matone yakaanza kumpiga shingoni. Maji yakaja meusi, yaking'aa, yakagota, yakarudi uani.

Wakakimbilia chemchemini. Nyamizi akachota maji kwa kikombe, akayanusa muda mrefu mno.

"Sema basi, dada," Ndaki akamsihi.

"Maji," akasema, akanywa.

Mtaa ukatoa zawadi moja: kuchota bila foleni maisha yote. Mtu mmoja tu; wakiwa watatu, akina mama waliapa kuja na michi.

"Bila pua yangu mngekuwa mnakunywa chai ya oili," akasema Nyamizi.

"Bila kichwa changu mngeziba choo," akasema mzee.

"Bila mgongo wangu," akasema Ndaki, "mngebaki mnausalimia mfuniko."

Je, wewe ungempa nani? Amueni wenyewe, msinitazame mimi. Na tafadhali, msivitazame viatu vyangu.