Kwa Nini Kidonda Hutunga Usaha

Hapo kale kidonda kilikuwa hakijui kutunga usaha. Mtu alijikata leo, kesho kovu. Ndivyo ilivyokuwa, na ingebaki hivyo kama si dhuluma iliyotendeka katika mguu wa mkulima mmoja aliyeitwa Lugendo.

Juu ya ngozi ya Lugendo, penye mikunjo ya kisigino, liliishi kabila la vijidudu. Walikuwa wadogo kupita chembe ya vumbi, lakini walikuwa na wazee wao na watoto wao, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja, Nyamizi. Walikula jasho na mafuta ya ngozi, na mgeni mbaya akija kutafuta makazi, wao ndio waliomfukuza. Ndani ya damu walikaa askari weupe, chini ya Jemadari Makanyaga. Mapatano yalijulikana: wa nje wasiingie, wa ndani wasitoke.

Siku moja Lugendo akipalilia mtama, jembe lilimponyoka likampasua kisigino. Makazi ya Nyamizi yalikatika katikati. Yeye, mdogo wake Kabula na ukoo mzima wakatumbukia ndani ya nyama. Hakuna hata mmoja aliyetaka kwenda huko.

Askari walipofika, Nyamizi alijitokeza mbele, akaeleza yaliyowapata, akaomba waonyeshwe tu njia ya kurudi. Makanyaga hakumwacha amalize.

"Aliyeingia bila hodi ni mwizi," alisema. "Na mwizi hasikilizwi."

"Jemadari, nani hupiga hodi akianguka?"

Askari waliwameza, na humo matumboni wakawamwagia moto wao. Haukuwa moto wa ndimi na moshi. Yalikuwa maji yanayounguza, makali kama jiki inayong'oa rangi ya nguo. Moto huo uliwachubua wazee, ukawayeyusha watoto. Na kwa kuwa askari waliumwaga hata nje ya matumbo yao bila kujali unakoangukia, uliunguza hata nyama ya Lugendo mwenyewe, aliyekuwa akiwalisha.

Nyamizi alimezwa pamoja na Kabula, akamwona mdogo wake akipasuka ubavuni pake. Kilichomwokoa ni utomvu uliomtoka Kabula, wenye kutu ya chuma, ambao kila kijidudu alikuwa nao kidogo bila kujua kazi yake. Moto ulipougusa utomvu ule ulitoa mapovu, ukawa maji matupu. Nyamizi akajipaka damu ya ndugu yake mwili mzima, akilia kwa hasira zaidi kuliko kwa uchungu. Askari aliyewameza alipokufa, maana askari hao hawaishi sana, akatoka hai.

Mlango wa jeraha ulikuwa bado wazi. Angeweza kurudi nje, lakini arudi kwa nani? Badala yake aliwatafuta wachache waliosalia mafichoni, akawafundisha kuutengeneza utomvu ule kwa wingi. Wakazaana humo humo, na kila mtoto akazaliwa nao.

Makanyaga aliporudi na jeshi lake, walimwaga moto mpaka wakachoka. Ulitoa mapovu, ukatiririka miguuni pa vijidudu kama maji ya kunawa. Ndipo jemadari alipouliza, kwa sauti ya chini, wanataka nini.

"Tulikuomba njia, ukatupa moto," Nyamizi alisema. "Sasa njia hatuitaki."

Na tangu siku hiyo jeraha lisilooshwa mapema ni uwanja wa vita. Askari humwaga moto, vijidudu huugeuza maji, na wafu wa pande zote mbili hulundikana pamoja. Huo ndio usaha mnaoukamua. Wakati mwingine askari hushinda, wakati mwingine vijidudu. Lakini mguu unaovimba na kupwita si wa Makanyaga wala wa Nyamizi. Ni wa mtu aliyekuwa shambani akipalilia mtama wake, na mpaka leo hakuna upande uliomwomba radhi.