Rupia ya Mzee Kombo

Mzee Kombo, mwenye nyumba mwenye mkono wa birika, alimwonea wivu mpangaji wake Zuwena, ambaye kila harusi alifanya kiinimacho cha kupoteza sarafu kiganjani na watu wakamtunza.

"Nifundishe leo, bure, la sivyo uhame," alimwambia.

"Kuna kitabu kizuri cha wanaoanza, mzee. Nikununulie?"

"Kitabu cha nini? Mimi pesa naziokota?"

"Basi tafuta sarafu nzito. Hizi za siku hizi nyepesi, zinamponyoka anayejifunza."

Mzee Kombo akatoa sandukuni rupia ya fedha ya babu yake. Zuwena akamwonyesha namna ya kuibana kiganjani, vidole vikiwa vimelegea. Kufika alasiri ilikuwa haianguki tena.

"Sasa mtihani," alisema Zuwena. "Twende msibani kwa Mshamu, aliyefiwa na mkewe. Pale hakuna anayetazama mikono. Mpe mkono wa pole, rupia ikiwa humo humo."

Mzee Kombo akapenya hadi kwa mfiwa, akampa mkono. Mshamu, kama mfiwa yeyote anayepewa mkono wenye kitu, akafumba kiganja. Alipochungulia, machozi yakamtoka.

"Jamani, Mzee Kombo katoa rambirambi! Rupia ya fedha!"

Msiba mzima ukamwombea dua. Mzee akamnong'oneza Zuwena, "Rupia yangu!"

"Hongera, mzee. Imepotea mbele ya umati na hakuna aliyekushtukia."

"Nairudishaje?"

"Hilo limeelezwa kwenye kile kitabu."